Honorata na Galoni za Kapteni

Gungu,
Kigoma.
9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Catherine,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Na Mzee Samson, kifua kimetulia? Mimi mwili mzima, ila bado napika chakula cha wawili na kula peke yangu.

Shangazi, ndoa ni tamu. Mwezi wa nne huu, na nikitamka "mke wangu" kule bandarini wenzangu wananicheka. Honorata akivaa sare ya uhudumu wa ndege na ile skafu ya kijani, naona ndege nzima inaruka kwa ajili yake. Lakini wiki ya tatu sasa yuko Dar es Salaam, amesimamishwa kazi. Kanga yake ingali nyuma ya mlango, sijaifua.

Ilitokea hapahapa Kigoma. Unajua mtu haondoki kwetu bila mawese. Kapteni alinunua galoni mbili, akaziweka ndani ya boksi mbele ya mlango wa dharura. Sasa, kazini kwao rubani haondoi ndege mpaka mhudumu atamke kwamba abiria wamekaa na njia ziko wazi. Honorata akakataa kutamka.

"Dada, ndege hii ina kapteni mmoja," akaambiwa.

"Ndiyo, Kapteni. Na moto ukiwaka, hawa watu arobaini wataruka mawese yako?"

Mama mmoja wa Kalinzi akadakia kutoka kitini, "Si ayapakate, kama mimi ninavyompakata mjukuu."

Abiria wakacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichomuuma Kapteni. Boksi lilishushwa, ndege ikachelewa, naye akaandika kwamba mhudumu amekaidi amri yake mbele ya abiria.

Kampuni imemwandalia Honorata barua ya kuomba radhi. Akiisaini kabla ya tarehe thelathini, anarudi angani. Asiposaini, kazi hana. Juzi alinipigia kuniuliza afanyeje.

Nilimwambia asisaini. Nilisema hana kosa, na kweli hana. Ila simu ilipokatika nilijikuta nikipanga tutakavyolala na kuamka pamoja kila siku, kazi ikishakwisha. Kazi hiyo ameiota tangu kidato cha pili, Shangazi, nami nilikuwa nafurahi.

Nakuomba umpigie wewe, maana anakusikiliza. Muulize anachotaka mwenyewe, kana kwamba mimi sipo. Akichagua kuruka, nitakwenda uwanjani kila Jumanne na Ijumaa, nisimame kwenye uzio nimtazame akiaga abiria mlangoni. Hapo nitamwambia kwamba jibu nililompa siku ile halikuwa kwa ajili yake, lilikuwa kwa ajili yangu.

Nifikishie salamu kwa Mzee Samson, kwa Recho na wanawe, na kwa Feliksi akija likizo. Mwenyezi Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani.

Mwanao uliyemlea, akupendaye siku zote,

Pastory