Suruali ya Masizi

Tunduma,
Mwezi wa nane, 1938

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko milimani Ileje, wewe na wote wanaoota moto jikoni mwako. Natumaini mgongo umetulia na baridi ya mwaka huu imekuonea huruma. Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia. Mdogo wangu Tuntufye anayekusomea barua hii asome polepole, na penye kuchekesha asubiri wewe ucheke kwanza.

Mama, mwanao ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote hapa Tunduma, na upande wa Rodesia pia sijamwona wa kunishinda. Nimevaa suruali isiyochakaa, isiyoibwa, isiyotaka pasi. Inaanzia kiunoni inaishia magotini, nayo imechomwa ndani ya ngozi yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka imekamilika. Hata bwana forodha hana ya namna hii.

Aliyenivika ni Mzee Lafaele, yule mtu mnene wa visiwa vya Samoa, huko mbali kabisa baharini, aliyekuja akichochea makaa katika meli ya Mjerumani. Vita vikamtupa bara pamoja na wapagazi, akamwona Fides, Mnamwanga wa hapa, akaacha kuuliza habari za meli. Kwao alikuwa fundi wa nembo, mwana wa fundi. Hapa vijana wanaokwenda migodini Rodesia walikuwa wakimjia awachome jina la kijiji mkononi, ili wakifia chini ya ardhi ijulikane ni wa wapi. Mimi nilikuwa mvuta ngozi wake. Mwambie Tuntufye asicheke, hiyo ni kazi. Ngozi ikilegea mstari unapinda, na mtu atazikwa na mstari wake uliopinda. Mzee anagonga kitana chake cha jino la ngiri kwa kirungu kidogo, mimi navuta, masizi ya mafuta ya mbono yanaingia.

Siku moja kilabuni nilijisifu, unanijua, kwamba sisi watu wa Ileje maumivu tunayasikia kwa jirani tu. Mzee akaniuliza kwa upole kama ningelala mkekani nivikwe suruali nzima ya kwao. Akanieleza masharti. Kwao kazi hiyo ikianzwa lazima imalizwe, na mwisho wake ni kitovu: alama ya kitovuni ndiyo inayoifunga. Aliyeachwa bila hiyo huchekwa mpaka kaburini, na fundi wake huona haya pamoja naye. Nikataka kupiga chenga, lakini Fides alinivuta pembeni akaniambia kwamba macho ya mumewe yanaingia ukungu, na tangu atoke kwao hajapata mtu wa kumfanyia kazi kamili. Anaogopa yatafumba kabla hajaiona nyingine. Ningesema nini, Mama? Nikalala.

Efraimu fundi baiskeli akashika kazi yangu ya kuvuta ngozi. Fides alikaa kichwani pangu akiimba nyimbo za kanisa, nami nikaitikia sauti ya pili, ingawa majirani wanadai ilikuwa sauti ya mbuzi. Mzee alikuwa akinipuliza mgongo kama unavyompuliza mtoto aliyeungua. Kila nilipopona kidogo tuliendelea, na kila tulipoendelea macho yake yalikuwa yamepungua. Kufikia mapajani alikuwa akifuata mistari iliyovimba kwa kidole, kama wewe unavyopapasa maharage gizani ukajua lipi bovu. Hakukosea hata mmoja. Kikabaki kitovu. Akasema tuiache ngozi ya tumbo ipumzike kwanza.

Haikupumzika sana, kichomi kikamshika. Asubuhi moja aliniita, jua limejaa mlangoni, yeye haoni hata huo mlango. Akaweka kiganja chake tumboni pangu, kinawaka homa, akauliza kwa neno la heshima la kina Fides, “Anyitike, mukwai, kitovu tulikifunga?”

Fides akatazama chini.

Nikamwambia, “Tulikifunga, Mzee. Umesahau? Nililia mpaka ukacheka.”

Akatabasamu. “Basi kaoge mtoni mbele za watu,” akasema.

Tulimzika nyuma ya shamba la Fides. Kitana chake nimepewa mimi. Na tangu siku ile, Mama, mwanao anayejisifu anaoga ndani, kwa ndoo, mlango umefungwa.

Sasa nisikilize. Wazee wa kanisa walipokukataza kuwachanja wasichana nembo za mashavuni, ulizifunga sindano zako katika kitambaa ukazichomeka darini. Ulisema umezitupa. Nilikuona, nikanyamaza. Kabla ya mvua nitakuja nyumbani na kitana cha mzee na kikopo cha masizi. Kitovu changu ulikikata wewe. Nakuomba ukifunge wewe. Tuntufye atavuta ngozi, nitamfundisha. Ukikataa kwa ajili ya kanisa sitakasirika, nitachota maji yangu ya ndoo tu. Lakini nilimpa yule mzee neno, naye ameondoka akiliamini.

Mfikishie salamu shangazi Aida, na Sekela mwambie mbuzi wangu asimwuze kabla sijafika. Fides anakusalimu sana, anakushukuru kwa lugha yetu, ndaga kwa kunizaa. Bado anapika chakula cha watu wawili, basi mimi ndiye ninayekula cha pili.

Na pale juu nilipoandika kwamba suruali imekamilika na bahati yangu haina mfano, nilikudanganya. Haijakamilika, Mama, wala bahati hiyo sina.

Mwanao,
Anyitike