Jiwe Nililolikamata Sebuleni kwa Mama Hamisi

Mtani wangu Mama Hamisi,

Usicheke. Ulipokuwa hai hukujua kusoma, kwa hiyo kufa kwako hakujaongeza ugumu wowote katika jambo la barua. Zamani ningekuandikia kisha nikusomee mwenyewe. Sasa nitafanya vilevile, kwa sauti, na atakayenisikia naongea peke yangu shauri yake.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, nimekalia jiwe lako. Tangu asubuhi nakaa, nanyanyuka, nachungulia barabarani, narudi kukaa. Basi la mjini halijapita. Ukiinua uso kutoka hapa nilipo huoni bati, maana mwanao ameng'oa mabati ya upande huu jana jioni, moto upate pa kutokea. Uani kuna mzigo wa kuni za miombo umepangwa vizuri kama wa harusi. Zile kuni ni za kulichoma jiwe. Walichome mpaka liwe jekundu, wamwage maji baridi, lipasuke, litolewe vipande vipande kwa toroli.

Subiri. Nimesikia mngurumo.

Si basi. Ni trekta la kijiji, linapita likikohoa.

Basi nikueleze tangu mwanzo, maana hukupenda habari inayoanzia mkiani.

Unakumbuka walipotushusha kutoka kwenye matembe yetu ya udongo kule mlimani, tukaletwa huku barabarani tupangwe kwa mistari? Kila mtu na kiwanja chake, kigingi huku, kigingi kule. Chako kikawa na hili jiwe katikati, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Watu walicheka mpaka wakasahau kulia. Yule Bwana Mipango akakuambia kwa upole, "Mama, wewe tutakubadilishia." Ukamjibu, "Niache nalo. Mmenitoa kwenye mawe yangu yote, hili moja limenifuata."

Nilidhani umechanganyikiwa na safari.

Wakasema tujenge nyumba bora: tofali za kuchoma, bati, madirisha makubwa, kuta zilizonyooka. Ukajenga yote hayo. Kwa nje hakuna aliyekuona na kosa. Lakini mtu akiingia sebuleni, anakuta ukuta umelipanda jiwe kama mtoto anavyompanda bibi yake mgongoni, na jiwe limebaki ndani, kwenye kona, na kijivu chake na zile chembe zinazometameta. Sakafuni ukapanga mawe bapa uliyoyabeba kichwani kutoka mlimani, huku wenzako tukisubiri saruji ya ushirika ambayo mpaka leo tunaisubiri. Kuzunguka madirisha ukagandamiza majani ya mtama kwenye plasta mbichi, ukayabandua yalipokauka, mishipa ya jani ikabaki pale mmoja mmoja. Wakaguzi wa nyumba bora walipokuja, mmoja alisimama mlangoni akauliza, "Na hili, litatolewa lini?" Ukamwambia, "Lilikuwepo kabla ya Mjerumani. Liulize lenyewe."

Mimi, kama kawaida yangu, nikasema, "Mnyaturu wewe, umehama porini, pori nalo limeomba hifadhi kwako." Ukaniangalia juu mpaka chini. "Na nyumba yako, Mnyiramba, imekuwa kama boksi la sabuni. Hata mende akiingia anapotea, kona zote sawa."

Ilikuwa kweli. Bado ni kweli. Jana mende mmoja nilimwonea huruma.

Nanyanyuka tena. Barabara nyeupe, vumbi halijainuka.

Kuhusu ile homa iliyokuchukua sitaki kuandika mengi. Kitanda ulikikataa. Ulitaka mgongo wako uegemezwe hapa kwenye jiwe, penye ubaridi, chini ya kile kishimo cha juu yake unapokaa mtungi wa maji. Tukakuweka. Ukasema, "Sasa sawa." Halafu... tuyaache hayo, wewe ulikuwepo.

Arobaini yako ilikuwa nzuri, wali haukuungua, ungekosa la kusema. Watu walipomaliza dua, Hamisi akasimama. Amehamishiwa ofisi ya huku tarafani, kwa hiyo katika nyumba hii ataishi yeye na mkewe Zuhura, yule binti wa wenye duka mjini. Akasema, "Mama alikuwa na mapenzi yake, Mungu amrehemu. Lakini hii ni nyumba ya kisasa. Tumeagiza makochi, hayana pa kukaa. Jiwe tutalichoma."

Wazee waliangalia vikombe vyao. Baba mdogo Saidi, shemeji yako, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho nina hakika hakikuwepo.

Ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Siku ya msiba mtani ana ruhusa yake: anatukana marehemu, anazuia jeneza, anakamata mali ya mfiwa mpaka mfiwa aikomboe, na hakuna wa kumkunjia uso. Nikavua kandambili, nikapanda juu ya jiwe na kanga zangu zote, nikapiga kelele: "Wanyaturu! Marehemu alikuwa mchoyo, hakunigawia hata kitoweo! Leo nimekamata jiwe lake!"

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa kimengoja muda mrefu. Baba mdogo Saidi akapata sauti. "Mtani amekamata. Mila ni mila. Kama ni lake, alibebe aende nalo!" Wote wakaitikia, "Beba! Beba, Mama Yakobo!" Nikashuka, nikalikumbatia, nikakaza meno, nikalisukuma mpaka mshipa wa shingo ukanitoka. "Limegoma," nikawaambia. "Linasema limechoka kuhamishwa."

Hapo walicheka wengine, na wengine hawakucheka, wakatazama mlimani kwenye matembe yetu.

Hamisi naye alicheka. Si mtoto mbaya. Akaleta kuku wa kulikomboa. Nikamwambia kuku amekonda, ananitia simanzi. Kesho yake akaleta mnene. Nikamwambia huyu ananitazama kwa dharau. Akaleta beberu; nikamkataa kwa ajili ya harufu, nikisema nina mume wa kutosha. Lakini unajua sheria yetu. Mara ya kwanza kukataa ni utani, na ya pili ni utani. Ukizidisha unakuwa ugomvi, na mtani akigombana kweli, utani wenyewe umekufa. Jana Hamisi alipopanda kung'oa mabati hakuniita mtani. Aliniita "mama." Alisema, "Mama, naomba upite, mabati yana makali." Kwa adabu kabisa. Nikashikwa na baridi.

Zuhura ndiye aliyenifuata, na chai. "Shikamoo mama." Nikamwitikia nikiwa juu ya jiwe langu. Akakaa chini, akasema, "Mimi jiwe silichukii. Lakini mama yangu anakuja kuniona kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nitamkalisha wapi? Akirudi mjini watu watamuuliza binti yako anakaa wapi, aseme pangoni?"

Angekuwa binti yangu ningeuliza vilevile. Nikamwambia, "Basi tufanye hivi. Mama yako akifika, akaliona jiwe, akasema mwenyewe livunjwe, mimi natoka, na kuku sidai. Akisema libaki, libaki." Akafikiri. Akamwita mumewe. Hamisi akakubali haraka mno, na ile haraka yake ndiyo inayonikosesha raha tangu asubuhi. Anamjua mkwe wake. Mimi simjui.

Sikukaa bure lakini. Alfajiri nilitandaza mikeka juu ya paa penye uwazi, jua lisije likapata jiwe. Baba mdogo Saidi alinishikia ngazi, akiniambia yeye hayumo. Kisha nililimwagia jiwe maji. Usinitazame hivyo. Jiwe kuoga si udanganyifu.

Makochi yameshaletwa, yapo hapa mbele yangu, mekundu, yana manyoya kama kondoo wa Ulaya na vitambaa vyeupe mgongoni. Nimelijaribu moja. Ukikaa linakumeza, ukinyanyuka linakudai.

Vumbi! Safari hii kweli. Naacha.

*

Nimerudi. Wino umenichafua kidole, nivumilie.

Bi Salma, mama yake Zuhura, hakuja na basi. Basi liliharibika njiani, akapandishwa lori la chumvi, akakaa juu ya magunia kwenye jua lote lile, yeye na kikapu chake cha vitumbua. Aliingia akiwa mwekundu, buibui limejaa chumvi na vumbi. Mwanamke mnene, mzuri, mwenye sauti ya dukani. Zuhura akamkalisha kwenye kochi lenye kitambaa kipya. Hamisi akaja kumwamkia kwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimesogea mlangoni. Sikumwambia neno, Mama Hamisi. Ungenionea fahari, sikumwambia hata neno moja.

Bi Salma alikaa kwenye kochi. Akajipepea. Manyoya yakamshika mikono kwa jasho. Akahamia upande wa pili, yakamshika upande wa pili. Akasema, "Zuhura mwanangu, kitu hiki kinapika." Akateremka taratibu mpaka sakafuni kwenye mawe yako bapa, akajisogeza kwa makalio, akaegemeza mgongo kwenye jiwe.

"Ya Rabi," akasema. "Ubaridi huu."

Akaomba maji, Zuhura akamtekea kwenye mtungi wako pale juu ya kichwa chake. Akanywa kata nzima bila kupumua. Akageuza shavu akaliweka kwenye jiwe. Na kabla binti yake hajamuuliza lolote, akalala. Akakoroma, mtani! Mdomo wazi, miguu imenyooka!

Sasa fikiria Hamisi. Mama mkwe wake amelala hivyo mbele ya macho yake. Hawezi kumwamsha, hawezi kumtazama, hawezi kukaa chumba kimoja naye. Mwenye nyumba akatoka nje ya nyumba yake kwa kunyata, akaenda kukaa pale palipokuwa na pa kukaa, juu ya kuni.

Nikamfuata, nikiwa na maneno yangu matamu tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyaandaa tangu asubuhi. Nilipofika nikaona anajifuta uso kwa kiganja.

"Umeona alivyoegemea?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Palepale pa mama." Akabandua gome la kuni. "Nikiingia namwona. Kila nikiingia, Mama Yakobo. Narudi kazini, nafungua mlango, namwona pale mgongo wake. Nilidhani likiondoka..."

Yale maneno yangu matamu nikayameza. Nilikuwa nimelipigania jiwe wiki zote hizi nikidhani napigana na makochi. Nilikaa karibu naye juu ya miombo. Kuni zile zinachoma makalio, nakuambia. Tulikaa hivyohivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Bi Salma alipoamka alitazama ukuta, akatazama yale majani ya mtama kwenye plasta, akayapapasa kwa kidole, jani moja, kisha jingine. Akauliza, "Jiwe hili nani aliliweka hapa?"

Nikasema kutoka mlangoni, "Mungu. Mama Hamisi alilijengea nyumba tu."

Akatikisa kichwa. "Basi msiliguse. Ila sogezeni haya makochi yenu, yananibana miguu."

Zuhura akanitazama, nami nikatazama juu kwenye mikeka yangu kana kwamba sijui imefikaje pale.

Hamisi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tutaona." Unamjua, ni "tutaona" ya baba yake. Lakini nikamwona anachukua kuni za uani, kumbatio zima, anampelekea mkewe jikoni, na pilau ya wageni ikapikwa kwa kuni za kuchomea jiwe. Ilitoa harufu nzuri mpaka kwa Mwenyekiti, akaja kusalimia.

Zilizobaki nimezikamata mimi. Nilisimama juu yake mbele ya Bi Salma, nikatangaza. Hamisi akanitazama. "Sizikomboi," akasema. "Chukua, mtani. Chukua zote, ukapikie mende wako."

Umesikia? Kaniita mtani. Nilijifanya kukohoa.

Mawingu yamepanda upande wa Ikungi na mabati bado yako chini, yameegemezwa ukutani. Ndiyo maana hata sasa situlii, nimeshatoka mara kadhaa kuyatazama. Kesho nitamletea misumari mapema kabla hajabadili moyo. Kama hana nyundo, ninayo.

Sasa nikuage, wageni wananiita kula. Kila mwaka mtama ukikomaa nitakuja na plasta mbichi nizibe palipobanduka, na nitagandamiza majani mapya, na Zuhura nitamfundisha, maana ana vidole vyembamba kuliko vyangu. Na nitaendelea kukutukana mbele ya watu, usije ukadhani umepona kwa kufa.

Ila kuna neno moja ambalo mtani hamwambii mtani, na ulipokuwa hai sikuwa na pa kulipitishia. Nalisema hapa kwenye karatasi, nikikusomea nitalisoma polepole, kisha nitanyanyuka niende kula.

Nyumba yako ni nzuri, Mama Hamisi.

Lala salama. Sirudii tena.

Mimi mtani wako,
Mama Yakobo