Skafu Yako na Kikombe cha Mama

Mtaa wa Blake,
Barrie, Ontario.
10 Februari 2019

Mpendwa Glenys, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii inayouma masikio. Hujambo? Watoto wa huko Perth hawajambo? Unalalamikia joto, nasi tunaomba hata robo yake! Mama ni mzima. Goti tu linamsumbua, ila ulimi wake haujazeeka.

Ghuba imeganda, hatimaye! Vibanda vya wavuvi vimejaa juu ya barafu, wageni kutoka Toronto wanapanga foleni ya mikate ya kukaanga yenye mdalasini, na mume wangu Lorne ameshaangukia makalio mara mbili akijifanya kijana kwenye viatu vya kuteleza.

Sasa sikia. Jana kwenye tamasha la baridi, katika mashindano ya kutelezesha mawe juu ya barafu, tulifika fainali! Unajua kikombe kile hakijarudi nyumbani tangu Mama alipokishinda, mwaka aliofariki Baba. Miaka kumi na tisa kimekaa sebuleni kwa Wendell Purdy, na kila Jumapili kanisani humuuliza Mama kama angependa kuja kukipangusa vumbi. Mama alitaka kukishika tena kabla macho hayajamwisha.

Tukawa sare, limebaki jiwe letu moja. Lorne akalisukuma, mimi mbele yake nikifagia barafu kama mwendawazimu ili liteleze mbali. Likaingia kwenye duara la shabaha, likasimama katikati kabisa! Watu wakapiga kelele. Mama akainuka kitini, goti kalisahau.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilipoinama, ncha ya skafu uliyonifumia, ile isiyo na mwisho, ililigusa jiwe likiwa bado linakwenda, na hilo ni kosa. Mchezo wetu hauna haja ya refa, aliyegusa ndiye anayesema. Glenys, nilimtazama Mama anavyopiga makofi, nikatamani kunyamaza. Kisha nikainua mfagio.

"Nimeligusa."

"Rhoda, mke wangu, umetuua," akasema Lorne.

Mama akaketi taratibu, akaniitikia kwa kichwa. Nikaona aibu kwamba nilikuwa nimesita.

Uamuzi ukawa wa Wendell, nahodha wa wapinzani wetu, aliondoe jiwe au aliache. Akaja, akapiga magoti, akaishika ile ncha ya skafu.

"Nani kafuma blanketi hili?"

"Glenys."

"Uzi huu hausukumi hata unyoya. Liacheni lilipo." Akamgeukia Mama. "Haya bibie, vumbi sasa ni lako."

Tumeshinda, Glenys! Nililia mpaka machozi yakagandia mashavuni.

Nisalimie Trevor na mapacha. Lorne anakusalimu sana. Mama anasema skafu ijayo uifupishe, na Mungu awalinde mpaka macho yetu yaonane.

Kikombe kiko mezani hapa ninapoandika. Mama alikiletea kitambaa asubuhi, akakigeuza kikombe huku na huku, kisha akakirudisha kitambaa jikoni. Hakina hata chembe ya vumbi. Wendell amekuwa akikipangusa miaka yote.

Dada yako akupendaye,
Rhoda