Visiki vya Mwalimu Njoki

Jumatano, 18 Machi 2026

Nimetoka kwa Mwalimu, pale Free Area, sasa hivi na kinyaa hakijanitoka. Mwalimu Njoki alifariki juzi tu, hata hajazikwa, na tayari wamemfyekea bustani. Yote! Mawaridi aliyoyalea tangu tukiwa wasichana wapya kazini yamekatwa kwa panga mpaka chini, ati tent ya matanga ipate mahali.

Mwanawe, Mwaura, alikuwa amesimama hapo na simu mbili akielekeza vijana. Nikamuuliza, si tent ingewekwa kule nje kwa barabara? Akasema wageni ni wengi, Mama Kimberly, na maua yataota tu. Maua yataota tu. Hivyo ndivyo alivyosema, na mama yake yuko mochari.

Matawi yalirundikwa nyuma ya choo, mengine bado na maua. Nikaliona lile lake. Lile la rangi ya maziwa, ambalo huingia wekundu ukingoni likipigwa na jua. Alilitoa mwenyewe kwa mbegu, hakuna mtu mwingine analo. Hata mimi hakunipa kijiti cha kupanda. Alisema bado analichunguza, hawezi kugawa kitu asichokijua tabia. Nimebeba tawi moja nikaliweka kwa ndoo, lakini lilishinda juani siku nzima. Limekufa, najidanganya na maji tu.

Sijalia bado. Hasira imekalia machozi.

Jumamosi, 21 Machi 2026

Tumemzika huko Bahati, kijijini kwao. Naita mazishi kwa sababu kulikuwa na jeneza. Vinginevyo ilikuwa kampeni. Mwaura anataka kiti cha MCA, udiwani wa kaunti, mwaka ujao, basi picha yake kwa tent ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu. Kila mheshimiwa aliyeshika maiki alimsifu kijana kwanza, kisha mama, kama amemkumbuka.

Na juu ya jeneza — mawaridi ya bluu! Yametiwa rangi. Huyu ni mwamuzi wa mashindano ya maua, aliyemtoa mtu nje ya ukumbi wa maonyesho kwa kupaka majani mafuta ya kupikia yang'ae.

Nilivyokuwa nimekaa hapo nikijifanya nasikiliza, nilikuwa namwona kwa ukumbi. Mikono nyuma. Hasemi na mtu. Anainama kunusa kwanza, kuangalia ni baadaye. Mwaka mmoja alikataa kutoa namba moja. Watu wakazomea. Akasema haoni namba moja hapa, anaona namba mbili na namba tatu, akaenda kunywa chai yake.

Mimi mwenyewe alinitoa. Shindano la ua moja kwa kikonyo kimoja, nami sikuona kitumba kidogo cha pili kimejificha chini ya jani. Akaandika kwa kadi yangu: hailingani na kanuni. Rafiki yake wa kanisa! Akanipeleka nyumbani Njoro na gari lake, na tulipofika akanipa vijiti vitatu vya waridi jekundu vimefungwa kwa gazeti lenye maji. Msamaha hakuomba. Nilimchukia kama wiki mbili hivi. Yale mekundu ndiyo yako dirishani kwangu mpaka leo.

Halafu Ogada, mwenyekiti wa chama chetu cha maua, akasimama akasema marehemu alikuwa mama mpole. Mpole! Mwaka jana ni yeye aliyezunguka akitafuta watu wa kumuunga mkono wamtoe kwa uamuzi, ati ukali wake unafukuza washindani. Leo analia na leso.

Jumapili, 22 Machi 2026

Nilishika yale maua ya bluu nikiyasogeza kwa jeneza. Vidole vimebaki na rangi. Sabuni ya kipande haitoi. Sikuenda kanisa.

Jumanne, 14 Aprili 2026

Mvua nzuri wiki hii yote. Nimepita Free Area. Tent iliondoka, uwanja ni matope na vifuniko vya soda — na visiki vimeota! Machipukizi mekundu, mafupi, kila mahali. La Mwalimu pia, lile la pale pembeni karibu na tangi. Nikachutama hapo kwa matope nikalia mpaka nikaona haya.

Nilimwomba Jonah, mlinzi, anifungulie siku moja nichimbe hilo tu. Akasema boss amekataza kitu chochote kutoka. Hata kisiki? Akasema hasa mama yeyote wa maua, ndivyo boss alivyosema. Ni mlinzi mzuri, simlaumu.

Alhamisi, 21 Mei 2026

Ogada amenipigia. Kutakuwa na Kombe la Ukumbusho la Mwalimu Njoki kwa maonyesho ya Juni. Mawaridi sita kwa vase moja, yamepandwa na mshindani mwenyewe. Mimi ndiye mwamuzi. Nilifurahi, sitadanganya. Halafu akasema kombe, tent, viti na chakula ni Mwaura anatoa. Furaha ikaingia nzi.

Saa hiyo hiyo Mwaura naye akapiga. Anajenga flats kwa ile ploti. Tingatinga linaingia Jumatatu tarehe nane Juni. Nikamwomba visiki. Sikuona haya kuomba. Akawa mtamu kama asali: Mama Kimberly, hivyo ni vyako. Jumapili baada ya show uje na jembe uchukue vyote. Kwanza tusaidiane hiyo siku ya mama iende vizuri.

Sikuuliza tusaidiane vipi. Nilisema asante.

Jumamosi, 6 Juni 2026

Lazima niandike kabla sijaoga, kwa sababu nikioga nitajifanya imeisha.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Washindani wako nje, kadi zimegeuzwa majina chini, ukumbi kimya. Niliweka mikono nyuma. Nikainama nikanusa moja moja. Vase ya nne ilikuwa na harufu ya karanga mbichi na limau, ua moja limetafunwa kidogo na mdudu ukingoni, lakini yako hai, yamesimama. Vase ya saba — hakuna harufu. Hakuna kabisa. Vikonyo vimenyooka kama penseli, urefu mmoja, miiba ya chini imepukutwa kwa mashine, na petali za nje zina mistari ya ile karatasi ngumu wanayofungia maua. Yametoka kwa greenhouse za mashamba makubwa ya maua, Naivasha. Mtoto yeyote wa Karagita, wanakolala vibarua wa mashamba hayo, angekwambia.

Nikaandika kwa kadi: hailingani na kanuni, hayakupandwa na mshindani. Namba moja nikaipa vase ya nne. Ndipo nikageuza kadi. Ya nne ni Chesang wa Rongai, yule wa mashavu mekundu ambaye Mwalimu alimfundisha kupogoa. Ya saba ni Mwaura. Chini ya jina ameandika: kutoka bustani ya mama.

Bustani gani? Nilimpa Ogada kadi zote mkononi nikamweleza. Akasoma. Akasema sawa, Mama Kimberly, asante kwa kazi. Akaziweka kwa mfuko wa koti.

Saa nane watu wakajaa. Ogada akasoma matokeo. Namba moja, Mwaura. Watu wakapiga vigelegele. Mwaura akapanda na lile kombe akasema, na maiki ikasikika mpaka nje, kwamba mwamuzi wetu mpendwa ameamua kama vile mama angeamua. Akanionyesha kwa mkono. Kamera zikageuka.

Nilikuwa mstari wa mbele. Nilifungua mdomo. Na kitu kilichonijia si Mwalimu, si Chesang, ni kile kisiki pale karibu na tangi. Nikafunga mdomo. Kisha nikapiga makofi. Mara mbili, labda tatu. Hakuna aliyenilazimisha, mikono ilikuwa yangu.

Wakati wa chai Chesang alikuja kunisalimu. Namba mbili, na anatabasamu. Akasema si kitu, mama, uamuzi ni uamuzi, mwaka ujao nitapulizia wadudu mapema. Nikamwambia maua yake ni mazuri. Ni hayo tu niliyoweza. Nilijinukia vibaya.

Nikitoka, Mwaura akanishika bega: kesho kama tulivyosema, mathe, Jonah nimeshamwambia. Akanikonyeza jicho. Anafikiri nilimpa ushindi. Ama anajua sikumpa na haoni tofauti. Sijui ipi inanichukiza zaidi.

Jumapili, 7 Juni 2026

Niko Free Area, ndani ya pick-up, nje ya geti. Jembe, magunia na ndoo mbili za maji viko nyuma. Geti liko wazi. Kutoka hapa naliona lile la Mwalimu karibu na tangi, limeshatoa ua moja, la kwanza tangu panga. Rangi ya maziwa, na wekundu ukingoni.

Nikilichimba, nimelipwa. Hata kama sikuuza, nimelipwa, na Mwaura atakuwa na haki ya kunikonyeza jicho mpaka nife. Nikiliacha, kesho asubuhi tinga. Nimejaribu kumsikia Mwalimu angesemaje. Angesema, wewe shuka ama uende, unamaliza mafuta. Hapana, huyo ni mimi. Mwalimu angeinama anuse hii kitu yote na kuandika kwa kadi.

Kwa simu yangu hapa nimeandika ujumbe kwa Chesang. Nimemwandikia yote, kadi, mfuko wa Ogada, makofi yangu. Sijatuma. Nikituma sasa, Mwaura atasikia kabla sijafika kwa tangi, na geti litafungwa. Kuchimba vizuri, na udongo wake, ni kama saa moja. Naweza kutuma baadaye. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na nikijisikia nikisema hivyo namsikia Ogada.

Jonah amekuja mpaka dirishani. Mathe, unaingia ama nifunge?

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Naandika na mkono wa kulia. Wa kushoto nimeshauvalisha glavu ya kuchimbia.