Mulango ya Kanisa Haikuwa Yako, Tata

Tata Ngoy,

Ni mi, Kabamba, ule wa atelier yako mwenye haongeaka. Unajua mi na kuandika hatupatane, masomo yangu iliishia ku troisième primaire, darasa ya tatu. Lakini leo kama siandike, nitapasuka.

Tangu tukuzike, Trésor, mutoto ya dada yako, alikuandika ku internet. Kuko kitabu moya kubwa mule, bantu ya dunia yote banaandikaka mambo ya bantu. Akatia jina yako: fundi ya sahani ya mukuba, shaba yetu ya Kolwezi. Nilisoma juu ya taxi-moto, nikalia. Motard akaniuliza, «Petit, chérie amekuacha?»

Kisha benye kuchunga kile kitabu bakauliza: gazeti gani ilisema? Bakaanza kuvota, kubakisha ao kufuta. Trésor akatuma foto ya musalaba ya kaburi yako. Bakamujibu, musalaba haiko gazeti. Tata! Ku matanga yako bantu balishuhudia siku tatu. Mama Chantal alileta sahani yenye ulimupigia siku ya ndoa yake, akaipandisha juu bote baone. Hakuna mutu aliandika.

Na we pia umenikasirisha. Nilikuombaka mara ngapi utie jina? Si tunapigaka mukuba ku mugongo ya sahani, juu sura itokee mbele. Mugongo yote ile, nafasi ya jina ilikosa? We: «Mutu ananunua sahani, hanunue Ngoy.» Basi ona.

Kitu moya tu ilikuwa na karatasi: ile mulango ya mukuba ya kanisa. Bulletin ya paroisse, gazeti ndogo ya kanisa, iliandika ni we ulifanya. Bakaanza kulegea. Moya akasema, juu ya ile mulango, tubakishe.

Nikabaki naangalia telefone. Juu mi niko najua. Siku ya kuitundika, mi njo nilishika ngazi. Mulango alipiga rafiki yako, fundi wa kule Mutshatsha. Kila mara bantu bakikusifu kisha misa, ulikuwaka unasema: «Mi nilibeba tu, alipiga mwenzangu.»

Nikaambia Trésor. Akanijibu: «Yaya, nyamaza! Si njo kazi unajua kuliko bote?»

Nikanyamaza siku mbili.

Siku ya tatu nikaandika: «Mulango haiko yake. Mi alinifundisha kazi. Ile ingine yote ni kweli.» Bakasema aksanti. Bakasema mi pia siko gazeti.

Bakafuta.

Trésor hanisemeshe tena. Na ule wa Mutshatsha, hata yeye habakumuandika. Mulango sasa haiko ya mutu.

Basi lala, Tata. Nyundo yako ndogo iko na mi. Kuanzia leo kila sahani yenye itatoka hapa ku atelier yako ya Manika, nitaigeuza, nipige ku mugongo na musumari: NGOY ALINIFUNDISHA. Najua utakasirika. Kasirika tu. Siku nitafika kule, utanigombeza mbele ya bote, na mi nitanyamaza.

Kabamba