Kava la Nne la Kishikwambi cha Baba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijanunua kitu kingine cha kutupa, maana nimeshakosea mara tatu, na nikikosea ya nne sijui nitamtazama baba yangu kwa macho gani.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba changu cha mbele, na baba naishi naye tangu apate kiharusi mwaka jana, kikamchukulia mkono wa kulia, mguu na ulimi, kikamwachia mkono wa kushoto na akili zake zote, yaani anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ukisema la kuchekesha anacheka, lakini yeye akitaka kusema neno linatoka kama la mtu mwenye maji mdomoni, hata mimi mwanawe siambulii kitu. Na baba huyu, mshauri, alikuwa mpiga chapa. Zaidi ya miaka thelathini alikaa na taipureta yake kwenye kibaraza mbele ya mahakama akiwaandikia watu maombi na malalamiko, mtu anakuja amefura, anamtukana jirani yake wee, baba anachapa tu macho yakiwa kwa mteja, hatazami vidole, na mtu akisomewa anakuta matusi yote yamegeuka "kwa heshima na taadhima". Tumesomeshwa na taipureta ile.

Kwa hiyo yule mtaalamu wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kuongea aliposema tumpe kishikwambi awe anaandika anachotaka kusema, nilifurahi mpaka nikalia, kumbe furaha ya bure, kioo hakina vitufe vya kupapasa, na kidole cha baba ni kinene, akigusa herufi moja zinatoka tatu, akakisukuma pembeni, ndipo nikaanza kuhangaika na makava yenye kibodi. La kwanza lilikuwa na vitufe vidogo kama vifungo vya shati la mtoto mchanga, nikalirudisha dukani. La pili vitufe vyake ni vya mpira, havizami wala havilii, baba alibonyeza kimoja akainamisha sikio akasikiliza, akatikisa kichwa. La tatu ndilo tulilo nalo, ni gumu, vitufe vinazama vizuri, linakaa mapajani bila kupinduka, na pembeni lina kishikizo kinachobana kama cha mkoba, na mimi kishikizo hicho ndicho nilichokipendea, kwa sababu chumba changu kina vumbi la vitambaa, basi nikienda sokoni nalifunga, nikirudi nalifungua tena. Siku ya kwanza baba aliandika kwa ule mkono mmoja, polepole, "iko wapi".

Nikamletea miwani. Akatikisa kichwa, akaandika tena, "iko wapi". Nikamletea fimbo. Akanitazama tu. Na mshauri, sikufichi, nilijua toka herufi ya kwanza anaulizia nini. Taipureta yake, iliyoletwa kwangu pamoja na vitu vyake alipolazwa, niliitoa. Alikuwa bado hospitali, mimi natafuta pa kuweka cherehani ya pili, kaka yangu mkubwa akasema mzee hatachapa tena, mara akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nikampa, tena nikamsaidia kuibeba. Baba alipoletwa kwangu nikamwambia iko kwa kaka, imehifadhiwa vizuri. Sasa siku ile ya swali nilimwambia, "Baba, umechoka, pumzika," nikafunga kava.

Leo ni wiki ya kumi na moja hajaandika hata herufi. Nikimfungulia nikamwekea mapajani anatazama ukuta. Chakula anaacha nusu. Daktari ameshanieleza kwamba kiharusi cha pili kikija tusitegemee mengi, na kaka nikimpigia ananiambia, "Mnunulie lolote, dada, mzee hana tena la kusema." Nakaa kwenye cherehani nashona kola zinakwenda upande, nafumua, nashona, nafumua tena, na machozi yanadondokea sare za watoto wa watu. Nimeliona kava jingine, vitufe vyake ni vya mviringo kama vya taipureta na vinalia vilevile, nafikiri labda hilo litamrudisha. Ninunue hilo, au kuna lililo bora zaidi? Nimefika mwisho wa akili zangu, na naogopa baba atakufa akiwa amenyamaza na mimi ndiye niliyekuwa naye.

Fundi Sare

JIBU

Fundi, pole sana. Kumuuguza mzazi huku mguu uko kwenye cherehani si mchezo, na wewe unafanya peke yako wakati kaka anatoa hukumu kwa simu. Pole hiyo ipokee yote, kwa sababu yanayofuata si matamu.

Umeniuliza habari za vitufe. Vitufe havina kosa. Mwenzangu mmoja hapa ofisini ana kava kama hilo lako, lenye kishikizo cha kubana, nikaliazima. Nikaweka mkono wa kulia mgongoni, nikajaribu kulifungua kwa wa kushoto. Lilinizungukia mezani, likateleza, likaanguka sakafuni likiwa bado limefungwa. Na mimi ni mzima. Baba yako anaongea ukitaka wewe, na anafungwa mdomo ukitaka wewe. Vumbi la vitambaa sikatai lipo, lakini siku ile hukufunga kwa ajili ya vumbi.

Halafu unaniambia ameacha kusema. Mwanangu, alisema. Alisema mara mbili, ukamletea fimbo. Mtu aliyewachapia wenzake maombi maisha yake yote anajua vizuri sana ombi lililotupwa linavyokuwa, na halirudii mara ya tatu.

Kava la nne usinunue. Hasa hilo la vitufe vya mviringo. Utakuwa umempelekea mfano wa kitu ulichokitupa, ulie mlio uleule masikioni mwake, halafu umsubiri akushukuru.

Leo, kabla hujakanyaga cherehani, chukua mkasi ukate hicho kishikizo. Gundisha kipande cha utepe kwenye ukingo wa kava, kirefu cha kutosha kidole kikivute, na chini yake weka mpira lisiteleze. Kama ni vumbi, litandikie kitambaa juu, kitambaa mkono mmoja unakitoa. Kisha mkalishe baba alifungue mwenyewe, mara mbili tatu, wewe hapo hapo na mikono yako nyuma.

Akishalifungua, mwambie. Sema, "Baba, taipureta niliitoa, nikakudanganya." Kaka asitajwe, mnunuzi wa vyuma asitajwe. Nafasi ya cherehani pia usiitaje, ataiona mwenyewe, kwani amekuwa akiitazama mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa maelezo ya daktari wako huna miaka ya kuficha.

Baada ya hapo kaa chini. Usimmalizie neno, usimwambie amechoka. Huyu ndiye aliyekuwa akipokea matusi ya watu na kuyageuza kuwa heshima na taadhima. Safari hii huenda asiyageuze. Yasome yote, mpaka nukta.

Na huenda asiandike kitu, si leo wala wiki ijayo. Hilo sikuahidi, fundi, maana uliyemuumiza hadaiwi jibu. Wewe liache wazi. Atalifunga mwenyewe akimaliza kusema.