Baba Anataka Taa Mpya

Eje Burul, dada mkubwa wa gazetini unayejibu barua zetu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki, nakuandikia wewe kwa sababu hunijui na hutaniona nikiona haya: baba yangu haoni vizuri, na ni dereva.

Mimi ni binti wa miaka kumi na sita. Tuna gari kubwa la Kijapani, umri wake umenizidi, kilometa zimepita laki tano, na kila kiangazi baba hulitumia kuvusha watu mlima wa Moldo-Ashuu kwenda ziwani Song-Köl, wachungaji na mahema yao, wageni na mabegi yao. Sasa nyumbani wanabishana kama linastahili kutengenezwa upya au liuzwe. Baba mdogo Orozbai anasema liuzwe kabla ya theluji, kwa kuwa injini inatoa moshi na giaboksi inalia ikipanda. Juzi wakati wa chai alimwambia baba, "Kaka, hata ukilipaka rangi mara tatu hupati körümdük. Watu hutoa zawadi wakionyeshwa kitu kipya, hawamtolei ajuza aliyepakwa wanja."

Mama alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Ajuza huyo ndiye aliyekutoa hospitali na mguu wako wa plasta," baba akasema. "Mimi nataka taa mpya tu, na kioo cha mbele. Hiki kina ukungu."

"Taa si ulibadilisha msimu uliopita?" baba mdogo akauliza.

"Waliniuzia mbovu."

"Na injini je?"

"Injini nitaisikiliza mwenyewe."

Taa si mbovu, Eje. Kioo nakisafisha mimi kwa siki na gazeti, na kupitia hapo naona kondoo wa upande wa pili wa bonde na alama za rangi migongoni mwao.

Nilijua mwezi wa sita, tulikuwa tunapanda na wageni wanne, mimi siti ya mbele kwa sababu Kirusi cha shule ninacho na Kirusi cha baba ni cha bei na matairi tu, tukafika penye kona baba akasimama, akapiga honi, akangoja, akapiga tena, akasema, "Ng'ombe wa nani huyu asiye na adabu?" Lilikuwa jiwe. Wageni walicheka wakidhani ni utani, niliwatafsiria kana kwamba ni utani, na tangu siku hiyo mimi ninayeshindwa kunyoosha mkono darasani naongea njia nzima, nasema, "Baba, farasi wa akina Kerez wako kulia," nasema, "Baba, maji yamekula ukingo pale," naye hujibu neno lile lile, "Nimeona," na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitaja jambo lenyewe. Mama anasema nimechangamka.

Vuli hii naenda bweni Naryn, na siti ya mbele atakaa mtu mwingine. Nimewaza niwe upande wa baba mdogo, liuzwe, baba aache kuendesha na pasiwe na la kusemwa, lakini naogopa watanunua jingine lenye nguvu zaidi, na tena baba bila usukani sijui atakuwa nani. Nisaidie, litengenezwe au liuzwe?

Nasikia viatu vya baba vinakuja mlangoni. Siku nyingine karatasi hii naificha chini ya godoro. Leo naiacha mezani.

Wa siti ya mbele

*

Binti wa siti ya mbele,

Nianze na gari, maana ndilo jepesi. Fundi apime injini. Ikiwa bado ina nguvu, tengenezeni breki na giaboksi mliendelee nalo. Ikiwa imechoka, liuzwe, na mnunuzi aambiwe ukweli. Taa na kioo msinunue.

Sasa wewe. Pole, mzigo ulioubeba si wa umri wako. Lakini usingoje nikusifu. Wale wageni wanne walilipa dereva mwenye macho, wakapewa binti mwenye haya. Ungepatwa na chafya penye kona, leo ningekuwa nasoma habari zenu ukurasa wa mbele.

Unadhani ukisema utamvunjia baba yako heshima, kana kwamba hajui. Anajua. Mtu hanunui taa mara mbili kwa kutojua. Anachoogopa ni jina la kitu chenyewe, na huenda jina hilo si baya kama analolifikiria gizani peke yake. Huku kwetu juu, wazee wengi waliokaa kwenye jua na theluji hupata mtoto wa jicho, wanaona ukungu hivyo hivyo, na hospitali huutoa. Mimi si daktari, huenda ni jingine. Kwa hiyo aende Naryn apimwe, wiki hii, Orozbai aendeshe, na pesa ya taa iende huko. Mpaka daktari aseme, baba yako hashiki usukani, hata kwenda harusini, hata kwa jirani. Akikataa, mwambie mama yako na baba yako mdogo usiku huo huo. Watakasirika. Wakasirike.

Nawe uende bweni. Siti ya mbele haikuzaliwa kwa ajili yako.

Jambo la mwisho. Umeniandikia kwamba safari hii hukuificha karatasi, na nimeona ulijivunia kidogo. Mwanangu, uliiacha mezani kwa sababu unajua hawezi kuisoma. Gazeti hili likifika, mkalishe, mmiminie chai, umsomee barua yako kwa sauti, yote, hata habari ya lile jiwe. Akikujibu, "Nimeona," usinyamaze kama ulivyozoea. Mwambie, "Hujaona, baba. Ndiyo maana nakusomea."